Kuua kelele bila kuua mlio: kisa cha sailensa mbili za injini ya V

"Fundi, mi sitaki uue mlio, nataka uue kelele." Hivo ndo mzee mwenye pikipiki alivosema, na kwa sentensi hiyo moja alikuwa ameshaieleza kazi nzima, maana watu wengi wanakuja wakiamini mlio na kelele ni kitu kimoja, yani ukipunguza hiki lazima upoteze na kile, ndo maana wanaishia kufanya moja kati ya mambo mawili, ama wanang'oa bafli yote, ile paipu ya ndani ya sailensa inayopunguza sauti, linabaki bomba tupu, ama wanaziba mdomo wa sailensa kwa washa, kile kisahani cha chuma chenye tundu katikati, na injini inaanza kukabwa. Njia ya tatu ipo, sio ya kubahatisha, na ndo nataka niielezee hapa hatua kwa hatua jinsi ilivyokwenda kwenye hii pikipiki moja.

Injini ni ya V, silinda mbili, nyuzi 45 kati yake, inapozwa na hewa, inatumia kabureta, na kila silinda ina bomba lake na sailensa yake, hayakutani popote. Sailensa zenyewe sio zilizokuja na pikipiki, ni za kununuliwa baadae, kila moja ina urefu wa kama milimita 430, kipenyo cha ndani 80, na ndani yake kuna bafli, ile paipu yenye matundu inayoshikwa na bolti moja kwa chini, kipenyo 45. Mwenye nayo wa kwanza alishaichezea: ametoboa matundu makubwa kwenye sahani ya mwisho ya bafli, ameweka jeti kubwa (kile kitundu cha kupitisha mafuta) kwenye kabureta, alafu kaiuza. Mzee anaipenda sana pikipiki yake ila anatoka nyumbani alfajiri, majirani wameshaanza kununa, na safari ikizidi nusu saa kichwa kinamuuma.

Nilimwomba aniambie kelele inakuja lini, sio tu kwamba ipo. Hapo ndo kisa kilipoanza kufunguka. Akivuta resi kwa nguvu kuna ukali unaokwaruza masikio. Akitembea taratibu kwenye mizunguko kama 2,750 kwa dakika kuna mvumo mzito unaoingia mpaka kifuani na hautoki mpaka abadilishe mwendo. Na akiachia resi ghafla ekzosi inalipuka nyuma, pa-pa-pa. Hayo ni magonjwa matatu, kila moja na chanzo chake, na ukiyapa dawa moja utaponya moja na mawili utayaacha palepale.

Tulianza na milipuko kwa sababu ndo rahisi na kwa sababu ingeharibu vipimo vyote vya mbele. Milipuko ya kuachia resi mara nyingi inatokana na hewa safi kuingizwa kwenye bomba la moto ambalo lina mafuta ambayo hayajaungua, na hewa hiyo inapita kwenye gasketi iliyochoka pale bomba linapokutana na kichwa cha silinda. Ukiangalia utakuta alama nyeusi ya masizi imetapakaa pale, na injini ikiwa ya baridi utasikia ka-sauti ka tiki tiki tiki ambako watu wanakadhania ni valvu. Njia ya kuhakikisha: injini ikiwa imepoa, puliza hewa kwa nyuma ya sailensa (mashine ya kufyonza vumbi ukiigeuza upande wa kupuliza inatosha), pakaa maji ya sabuni kwenye maungio, ukiona povu linachemka umepata. Silinda ya mbele ilichemka povu kabisa. Tukabadilisha gasketi zote mbili, tukakaza nati kidogo kidogo kwa zamu, tukawasha mpaka ikapata moto, ikapoa, tukakaza tena. Milipuko ikapungua sana hapohapo, na sehemu ya ule ukali nayo ikaondoka, maana tundu dogo karibu na injini linatoa sauti kali kuliko mdomo mzima wa sailensa.

Baada ya hapo tu ndo tukapima. Kipimo cha sauti kiliwekwa nusu mita kutoka mdomo wa sailensa, kwa pembe ya nyuzi 45, kimo kilekile cha mdomo, sehemu ya wazi isiyo na ukuta karibu. Huo ndo utaratibu wanaotumia kwenye vipimo vya pikipiki iliyosimama, na umbali ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri, kwa sababu kwenye uwazi ukiongeza umbali mara mbili sauti inashuka kama desibeli 6, kwa hiyo mtu akikwambia "yangu ni 90" bila kusema kapimia wapi hajakwambia kitu. Simu inaweza kutumika ila kwa kulinganisha tu, simu ileile, sehemu ileile, kwa sababu maiki za simu nyingi zinakata besi na zinalemewa sauti ikiwa kubwa.

Ikiwa imewashwa tu bila resi tulipata karibu 94, na kwenye mizunguko 2,000 karibu 103. Ili ujue hiyo ni nini, kuna kipimo cha Marekani kinaitwa SAE J2825 ambacho kwa injini ya silinda mbili kinaweka mpaka wa 92 bila resi na 96 kwenye mizunguko 2,000. Desibeli sio namba za kujumlisha kama kilo, kila ikipanda 3 nguvu ya sauti imekuwa mara mbili, na ikipanda 10 sikio linaona kama imeongezeka maradufu. Kwa upande wa masikio taasisi ya NIOSH ya Marekani, inayoshughulikia usalama na afya kazini, inashauri mtu asizidi masaa 8 kwenye desibeli 85, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu, kwa hiyo ukifika 100 umebaki na dakika 15. Kichwa cha mzee hakikuwa kinauma bure.

Sasa hapa ndo kwenye moyo wa jambo. Vipimo hivi vinasoma kwa kile kinachoitwa mizani ya A, ambayo inaiga sikio la binadamu, na sikio letu ni zito kwa besi. Sauti ya hezi 100, yani mitetemo 100 kwa sekunde, inapunguziwa kama desibeli 19, ya hezi 50 inapunguziwa kama 30, ila ya hezi 1,000 haipunguziwi kitu. Maana yake ni kwamba kinachopandisha namba kwenye kipimo, na kinachomwamsha mtoto wa jirani, kwa kiasi kikubwa sio ule mngurumo mzuri wa chini, ni ukali wa katikati na juu, kuanzia hezi mia kadhaa mpaka elfu kadhaa. Na mlio ule ambao mzee anaupenda unatoka wapi? Unatoka kwenye krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni. Kwenye injini hii silinda moja ikipiga, ya pili inafuata baada ya nyuzi 315, alafu kuna subira ya nyuzi 405, na hiyo tofauti ndo inaleta ule mwendo wa kuchechemea. Bafli haiumbi huo mdundo na haiwezi kuufuta, labda uizibe kabisa. Kwa hiyo ukifanikiwa kuondoa masafa ya juu, yani sauti za hezi nyingi, ukaacha ya chini yapite, unashusha kelele na mlio unabaki, tena unasikika vizuri zaidi kwa sababu hamna kitu kinachoufunika.

Tukafungua bafli. Bolti moja, ikapigwa mafuta ya kupenya ikalala nayo usiku, ikatoka. Ndani ilikuwa kama nilivyotarajia: pamba, zile nyuzi za kumeza sauti zinazozunguka bafli, hamna. Kulikuwa na nyuzi chache zimeganda kwenye masizi basi. Paipu ya bafli haikuwa ya matundu ya mviringo, ilikuwa ya vile vijimdomo vilivyokatwa na kukunjwa, na vimekunjwa kuingia ndani, vikiangalia injini, maana yake kila pigo la gesi linachotwa na kusukumwa moja kwa moja kwenye pamba mpaka pamba yote inatoka kwa nyuma kidogo kidogo. Juu ya hapo, vijimdomo vinavyochomoza kwenye njia ya gesi vinapiga mluzi wenyewe kasi ikiwa kubwa. Ukiwa na bafli ya namna hii na huna uwezo wa kutengeneza nyingine, angalau igeuze vijimdomo viangalie nyuma, utapata nafuu.

Sisi tuliamua kutengeneza nyingine, na kabla hujaanza kutoboa bomba na drili fanya hesabu kwanza. Ili sauti ipite vizuri kwenda kwenye pamba, matundu yanatakiwa yachukue kama asilimia 20 mpaka 30 na kidogo ya eneo la paipu. Paipu ya milimita 45 yenye urefu wa 300 ina eneo la kama milimita za mraba 42,000, robo yake ni 10,500, tundu la milimita 3.5 lina eneo la 9.6 tu, kwa hiyo unazungumzia matundu zaidi ya elfu moja kwa paipu moja, na paipu ziko mbili. Usijitese. Chukua bati la stenlesi lililotobolewa tayari, tundu milimita 3 na umbali wa milimita 5 toka katikati ya tundu hadi katikati ya lingine kwa mpangilio wa kupishana, hilo lina uwazi wa kama asilimia 33, likunje kwenye bomba gumu, lichomelee kwa mstari mmoja. Bati la mabati lililopakwa zinki usiliguse kabisa kwa kazi hii, likichomwa linatoa moshi wa zinki ambao unamlaza mtu na homa.

Pamba nayo ina mambo yake. Inayotakiwa ni nyuzi ndefu za kioo au za basalti zilizotengenezwa kwa ajili ya ekzosi. Kioo cha aina hiyo kinaanza kulainika kwenye nyuzi joto kama 840 za Selsiasi na gesi ikifika kwenye sailensa iko chini ya hapo, kwa hiyo kinachoiua pamba mara nyingi sio joto peke yake, ni mtikisiko, mafuta ambayo hayajaungua, na gesi inayovuta nyuzi kupitia matundu. Pamba ya kuzuia joto ya dari haifai, nyuzi zake ni fupi na zimeshikwa na gundi ambayo inaungua mapema, alafu zote zinapeperuka. Ile ya chuma ya kusugulia sufuria nayo inaoza kwa kutu na moto kwa muda mfupi. Tulichofanya ni kuvingirisha kwanza tabaka jembamba la pamba ya stenlesi moja kwa moja juu ya paipu yenye matundu, hiyo ndo ngao, alafu juu yake pamba ya kioo. Vaa glavu na barakoa, zile nyuzi zinawasha ngozi na kwenye mapafu hazitakiwi.

Kiasi pia kina maana. Ikiwa chache inatikisika na kusagika, ikishindiliwa sana inakuwa kama ukuta na sauti inarudi badala ya kumezwa. Mimi natumia kama gramu 100 mpaka 120 kwa lita moja ya nafasi. Nafasi kati ya paipu ya 45 na ganda la 80 kwa urefu wa milimita 400 ni kama lita 1.4, kwa hiyo gramu 140 hadi 165 kila sailensa, unapima kwenye mizani kabla ya kuvingirisha, sio kwa macho.

Kwanza tukaweka hivyo tu, paipu iliyonyooka na pamba, bila kitu kingine, kwa sababu nilitaka kujua pamba peke yake inafanya nini. Kwenye mizunguko 2,000 ikashuka mpaka karibu 98. Ukali wote ukapotea, sauti ikawa ya mviringo, mzee akatabasamu kabisa. Akaenda kuijaribu barabarani, akarudi akasema "fundi, ule mvumo umezidi." Kwa kipimo haukuwa umezidi, ulikuwa palepale, ila ule ukali uliokuwa unaufunika umeondoka na sasa umebaki peke yake uwanjani. Na hapa ndo watu wengi wanakata tamaa na pamba, wanasema haifanyi kazi. Inafanya, ila unene wa milimita 17 unameza vizuri masafa ya hezi 1,000 kwenda juu na chini ya hezi 300 unakuwa dhaifu sana, mawimbi ya chini ni marefu mno kwa unene ule.

Basi mvumo unatoka wapi? Tulipima urefu wa njia nzima toka valvu ya kutolea moshi ya silinda ya mbele mpaka mdomo wa sailensa, ikaja kama mita 1.3. Bomba lililofungwa upande mmoja na wazi upande mwingine linavuma lenyewe kwa sauti ambayo wimbi lake ni mara nne ya urefu wa bomba, kama unavyopuliza mdomo wa chupa ikakujibu. Kwenye hewa ya kawaida sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde ila kwenye gesi ya nyuzi 300 inakwenda kama 480, kwa hiyo 480 ugawe kwa 5.2 unapata hezi 92. Sasa rudi kwenye injini: kila silinda inapiga mara moja kwa kila mizunguko miwili, kwenye 2,750 hiyo ni mapigo kama 23 kwa sekunde, na mapigo hayo yanabeba pia sauti za mara mbili, mara tatu, mara nne ya hesabu hiyo, zidisha mara nne, 92. Yani hiyo sauti ya mara nne, naiita pigo la nne la silinda, imekaa sawasawa juu ya sauti asilia ya bomba. Mzee alikuwa anasikia bomba lake zima linaimba, na sailensa ya kunyooka haina cha kulizuia kwa sababu kwa masafa yale sailensa ni mwendelezo wa bomba tu.

Kuna mtu atasema weka kijitawi cha bomba kilichofungwa mwisho, kama wanavyofanya kwenye magari, urefu wa robo ya wimbi. Ni kweli kinafanya kazi, ila robo ya wimbi hapa ndo ileile mita 1.3, utaiweka wapi kwenye pikipiki? Na kachumba kadogo tupu mwishoni mwa sailensa peke yake hakasaidii mvumo huu, chumba cha urefu wa milimita 120 kinafanya kazi kwenye masafa ya karibu elfu moja, sio mia.

Kilichobaki ni kuuchosha ule mvumo. Bomba likivuma hivyo, kwenye ncha iliyofungwa shinikizo linakuwa kubwa na gesi haisogei, ila kwenye mdomo ulio wazi ni kinyume, shinikizo dogo na gesi inakwenda mbele na nyuma kwa kasi kuliko sehemu nyingine yoyote. Ukiweka ukinzani pale kwenye kasi, mvumo unapoteza nguvu. Swali ni ukinzani wa namna gani. Washa yenye tundu moja la milimita 25 ni ukinzani, lakini eneo lake ni milimita za mraba 490 wakati bomba la 45 lina 1,590, umebakiza chini ya theluthi, injini inakabwa, na gesi inapita pale kwa kasi kubwa na kufoka. James Lighthill wa Uingereza alionyesha mwaka 1952 kwamba nguvu ya kelele ya gesi inayofoka hewani inapanda kwa kipeo cha nane cha kasi yake. Ekzosi sio injini ya ndege na namba zake sio zilezile, ila mwelekeo ni huohuo: ukiminya mdomo unaua besi uliyoipenda na kuleta mfoko ambao hukuwa nao. Ndo maana pikipiki za washa zinakuwa kimya zikiwa zimesimama, zikikimbia zinalia kama zinazomea.

Kwa hiyo tukafanya hivi. Pamba ikapewa milimita 280 za mbele tu, ikafungwa na sahani ya stenlesi iliyochomelewa kuzunguka paipu, hapo pamba ikawa karibu lita moja, gramu 110. Paipu yenye matundu ikaendelea kuchomoza milimita 60 kupita sahani, kuingia kwenye chumba tupu cha milimita 120, na mwisho wake ukazibwa kabisa na kifuniko cha mviringo. Gesi inalazimika kutoka kwa pembeni kupitia vitundu, inajaa kwenye chumba, alafu inatoka kwenye paipu ya mwisho ya milimita 40. Hesabu ya vitundu: milimita 60 za paipu ile zina eneo la kama 8,480, asilimia 33 yake ni 2,800. Inaonekana kubwa kuliko bomba lenyewe la 1,590, ila gesi ikipita kwenye tundu inajiminya, ni kama theluthi mbili tu ya eneo inayotumika kweli, kwa hiyo kiuhalisia tumebaki juu kidogo ya eneo la bomba. Hatujakaba, tumeipa gesi kona na vitundu vingi vidogo. Faida nyingine ni kwamba sauti za juu, ambazo zinakwenda zimenyooka, hazioni tena mdomo wa nje moja kwa moja, zinagonga kifuniko na kurudi kwenye pamba.

Chini kabisa ya chumba tukatoboa katundu ka milimita 3 ka kutolea maji, maana injini ikiwa ya baridi moshi una mvuke mwingi na sailensa inaoza toka ndani. Riveti zikawa za stenlesi, za alumini zinalainika na kulegea mapema kwenye joto hilo.

Vipimo vya mwisho: bila resi karibu 86, kwenye mizunguko 2,000 karibu 94. Mvumo kwenye 2,750 haujafutika, bado upo ukiutafuta, ila umekuwa wa kawaida, haukai tena kifuani. Mlio bila resi ni ule ule wa kuchechemea, mzito, na sasa unasikia kila pigo limetengana na lenzake, kitu ambacho mwanzo kilikuwa kimezama kwenye makelele. Mimi binafsi naona ni mzuri kuliko ulivyokuwa, na sisemi hivyo kwa sababu kazi ni yangu, mzee alisema kabla yangu.

Kazi ya sailensa haiishii kwenye sailensa. Baada ya wiki kadhaa plagi zilitoka nyeusi, masizi makavu, na pikipiki inakunywa. Mwenye nayo wa kwanza aliongeza jeti kwa ajili ya bomba wazi, sasa bomba sio wazi tena, mchanganyiko wa hewa na mafuta umekuwa na mafuta mengi. Tulishusha jeti kubwa saizi moja, tukarekebisha skrubu ya mchanganyiko, plagi zikarudi rangi ya kahawia hafifu. Hapa lazima niseme kuhusu ile imani kwamba injini "inahitaji kubanwa nyuma ili iwe na nguvu". Injini haihitaji kubanwa, inahitaji mawimbi ya ekzosi yarudi kwenye valvu kwa wakati unaoisaidia kutoa moshi na kuvuta hewa mpya. Ukitoa bafli ukapoteza nguvu ya chini, ulichopoteza ni wakati wa mawimbi na usahihi wa kabureta. Mzee anasema kati ya 2,000 na 3,000 sasa inavuta vizuri zaidi, na juu ya 5,000 imepungua kidogo, nami naamini vyote viwili, kwa sababu ndo kinachotarajiwa ukiweka kona kwenye njia ya gesi, na yeye juu ya 5,000 haendi.

Kuna jamaa yake alimwambia anajiondolea usalama, eti kelele ndo zinamfanya asikike na magari. Hilo nalichukulia kwa uzito kwa sababu watu wanakufa barabarani. Mdomo wa sailensa unaangalia nyuma, na sauti za juu ambazo sikio linazisikia vizuri ndo zinazokwenda upande unaoelekezwa. Ripoti ya Harry Hurt ya Marekani ya mwaka 1981, iliyochunguza ajali za pikipiki kwa undani, ilikuta sehemu kubwa ya hatari inatokea mbele ya dereva, mara nyingi gari linakata kona mbele yake. Dereva wa gari lile amefunga vioo na kelele zako ziko nyuma yako. Taa, nafasi yako barabarani na breki vinafanya zaidi.

Angalizo moja kabla hujaiga: sehemu nyingi sailensa inatakiwa iwe na muhuri wa idhini na kuifungua kunaweza kuufuta hata kama umeipunguza kelele, kwa hiyo jua sheria ya unapoendeshea na zile za awali usizitupe.

Tulizifungua tena baada ya msimu mmoja wa kuendesha. Pamba ya upande wa nyuma ilikuwa nzima kabisa, ya mbele ilikuwa imekolea masizi kwenye sentimita chache za mwanzo, nadhani ni mabaki ya wakati mchanganyiko ulikuwa na mafuta mengi, tukabadilisha hicho kipande tu. Ngao ya stenlesi haijasogea. Tulipima tena, namba zilikuwa ndani ya desibeli moja.

Bomba la silinda ya nyuma ni fupi zaidi, kama mita 1.1, kwa hiyo sauti yake asilia iko kwenye hezi 109 na inakutana na pigo la nne kwenye mizunguko 3,270 hivi, na kweli ukisikiliza kwa makini pale kuna ka-mvumo kengine kadogo ambako mwanzo hakuna aliyekaona. Dawa yake ingekuwa kuunganisha mabomba mawili kwa paipu ya kati karibu na injini, ambayo ingefanya mapigo ya silinda zote mbili yagawane sailensa zote mbili na kelele ishuke tena kidogo. Mzee hataki kromu ya mabomba yake ikatwe, na kwa hizo namba alizonazo sasa sikuona sababu ya kumshawishi.